Kwa nini nyumba za magurudumu huyumba barabarani

NYUMBA haikuumbwa iende mbio. Hata hivyo, katika barabara kuu za Marekani kila siku nyumba nzima nzima, zenye vitanda, jiko, choo, friji na mizinga ya maji, hupita kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa zikiendeshwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kushika usukani wa lori wala basi.

Magari haya si mageni kwa msomaji aliyetazama filamu za Kimarekani. Kwa umbo ni basi, kwa matumizi ni makazi. Wenyewe huyagawa katika madaraja matatu yanayotajwa kwa herufi A, B na C. Daraja B ni matatu iliyogeuzwa chumba cha kulala. Daraja C hubakiza kichwa cha gari dogo la mizigo na kubebeshwa chumba nyuma. Daraja A ndilo kubwa kuliko yote, nalo ndilo linalozungumziwa hapa. Mapana yake hufikia mita 2.6 bila vioo vya pembeni, kimo chake hukaribia mita 4, na urefu wake katika majimbo mengi huruhusiwa kufika futi 45, yaani mita 13.7. Uzani wake huanzia tani 8 hivi na kuzidi tani 20 kwa yale ya kifahari.

Malalamiko ya wenye magari hayo yamekuwa yale yale kwa miaka mingi: gari linayumba, usukani hautulii, upepo unalisukuma kando, na kila shimo dogo hufika kiunoni mwa dereva. Kwa Mkenya aliyezoea kusafiri usiku kwa basi lililojengwa juu ya chasisi ya lori, malalamiko hayo yana sauti anayoitambua. Chanzo chake pia ni kimoja.

Mmoja huunda chasisi, mwingine huunda nyumba

Kampuni inayouza gari-nyumba kwa kawaida siyo iliyounda chasisi yake. Kampuni kama Winnebago, iliyoanzishwa katika mji wa Forest City, jimbo la Iowa, na iliyoanza kuunda magari-nyumba mwaka wa 1966, hununua chasisi tupu yenye injini, magurudumu na usukani, kisha hupandisha nyumba juu yake. Viwanda vingi vya kazi hiyo viko mjini Elkhart na viunga vyake, katika jimbo la Indiana.

Chasisi za petroli, ambazo injini yake huwa mbele karibu na miguu ya dereva, zimetoka kwa muda mrefu katika kampuni ya Ford. Za dizeli, ambazo injini huwa nyuma kabisa kama ya basi la kisasa, hutoka kwa kampuni kama Freightliner na Spartan. Ile ya Ford, ijulikanayo kama F-53, kwa asili ni ya ukoo wa magari ya kusambazia mizigo. Huweza kubeba jumla ya hadi tani 11.8 ikihesabiwa na uzani wake yenyewe.

Mwenye chasisi hutoa kipimo cha uzani ambacho kila ekseli inaweza kuhimili. Mwenye nyumba huamua jiko likae wapi, tangi la maji likae wapi, na ukuta upi usogezwe nje gari linapoegeshwa ili sebule ipanuke. Kuta hizo zinazosogea zilienea miaka ya 1990. Wanunuzi walizipenda mno, nazo ziliongeza mamia ya kilo, mara nyingi upande mmoja kuliko mwingine.

Ikumbukwe kwamba gari-nyumba huuzwa likiwa limesimama. Mnunuzi hupanda ngazi, hukalia kochi, hufungua kabati, huulizia ukubwa wa kitanda. Maswali ya springi na ekseli huja baadaye, baada ya safari ya kwanza, pesa zikiwa zimekwisha kulipwa. Kiwanda kinalijua hilo vizuri, na ndiyo maana pesa nyingi huenda kwenye marumaru ya jikoni kuliko kwenye vyuma vya chini.

Springi na tumbo la mwanadamu

Lori la mizigo huenda likiwa limejaa na kurudi likiwa tupu. Springi zake za majani ya chuma hulazimika kuhimili hali zote mbili, kwa hivyo huwa ngumu. Gari-nyumba nalo halirudi tupu kamwe. Kabati, friji na vitanda haviteremshwi. Limejaa tangu siku lilipotoka kiwandani hadi siku litakapotupwa. Kwa hali hiyo springi zake hubeba mzigo mzito mwaka baada ya mwaka, huchoka, na hulala.

Ugumu wa springi unaweza kupimwa kwa hesabu isiyo ngumu. Springi inayobonyea sentimita 6 hivi chini ya mzigo wake hulifanya gari liruke na kushuka takriban mara 2 kwa sekunde. Inayobonyea sentimita 25 hulifanya liruke mara 1 kwa sekunde. Mwili wa mwanadamu huvumilia vizuri mwendo wa mara 1 hadi 1.5 kwa sekunde, kwani ndio unaokaribiana na mwendo wa kutembea. Ukipungua sana na kuwa chini ya nusu mara kwa sekunde, tumbo huchafuka kama la abiria wa mashua. Ukizidi na kufika kati ya mara 4 na 8, uti wa mgongo na viungo vya tumboni hutikisika kuliko wakati wowote mwingine. Vipimo vya kimataifa vya mtikisiko vinatambua eneo hilo kuwa ndilo linalomuumiza mwanadamu aliyeketi.

Barabara nyingi kuu za Marekani ni za saruji iliyomwagwa kwa mabamba, na urefu wa kawaida wa bamba moja ni kama mita 4.6. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita mita 27.8 kila sekunde. Gawa, na jibu ni viungo 6 kwa sekunde, katikati kabisa ya eneo lile baya. Hii ndiyo sababu dereva anaweza kushuka kutoka barabara laini isiyo na shimo hata moja, mgongo ukimuuma kana kwamba ametoka Garissa kwa lori. Akipunguza kasi au kuiongeza kidogo, mtikisiko hubadilika, na madereva wazoefu hulijua hilo bila hesabu yoyote.

Suluhisho la magari ya bei kubwa ni mifuko ya hewa badala ya majani ya chuma. Mfuko wa hewa huwa laini, na una vali inayopima kimo cha gari na kuongeza au kupunguza hewa ili kimo kisibadilike, mzigo uwe mwingi au mchache. Mabasi ya masafa marefu ya Ulaya yamekuwa na mifuko hii kwa miongo mingi. Hata hivyo, ulaini una gharama yake. Mfuko wa hewa peke yake hauzuii gari lisilale upande linapokata kona, wala hauishiki ekseli isisogee kushoto na kulia kama majani ya springi yanavyofanya. Lazima kuwe na fito za chuma za kufanya kazi hizo, na fito hizo zikiwa nyembamba au mipira yake ikiwa imekwisha, gari la mifuko ya hewa huyumba kuliko la majani.

Kuna jambo lingine ambalo hata mafundi wengi hulichanganya. Shokabsoba haibebi uzani. Kazi yake ni kuimaliza nguvu ya springi ili gari lisiendelee kuruka baada ya shimo kupita. Mwenye gari anayenunua shokabsoba ghali akitarajia kulinyanyua gari lililolala atakuwa amepoteza fedha. Yule ambaye gari lake huruka mara tatu baada ya kila tuta ndiye anayezihitaji.

Mkia mrefu

Kipimo ambacho wazoefu wa magari haya hukitazama kwanza ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ukilinganishwa na urefu wote wa gari. Mathalan, gari la urefu wa mita 10.97 ambalo umbali wa ekseli zake ni mita 5.79 lina uwiano wa asilimia 53 hivi. Wengi wao hutaka uwiano uwe asilimia 55 au zaidi. Chini ya hapo, wanasema, jiandae kushindana na usukani.

Sababu yake ni rahisi. Gari lenye ekseli zilizokaribiana na mwili mrefu huwa na mkia unaoning'inia nyuma ya magurudumu mita tatu au zaidi. Mkia huo ni kama mzigo uliowekwa ncha ya wenzo. Ukiujaza tangi la maji, masanduku na pikipiki iliyofungwa nyuma, unanyanyua mbele ya gari. Magurudumu ya mbele yakipunguziwa uzani, hushika barabara kwa ulegevu, na dereva huanza kuuchezesha usukani kushoto na kulia bila kukoma. Baada ya saa nne mabega humwuma, naye hulaumu usukani ilhali kosa liko nyuma.

Maji nayo si mepesi. Tangi la lita 380 lina kilo 380, uzani wa watu watano wazima. Likiwa limewekwa nyuma ya ekseli ya nyuma, gari moja huwa na tabia mbili: moja likiwa limejaa maji na nyingine likiwa tupu. Baadhi ya viwanda huliweka kati ya ekseli, na huo ndio uamuzi wa busara, ingawa mnunuzi hataona tofauti yoyote akiwa sebuleni.

Mkia huo huo ndio unaogonga nguzo za vituo vya mafuta. Gari likikata kulia, mkia hutoka kushoto. Dereva anayetazama mbele pekee hugundua hilo anaposikia kishindo.

Kwa upande mwingine, katika magari ya dizeli dereva huketi mbele ya ekseli ya mbele, kama dereva wa basi la kisasa. Sharti aipite kona kwanza kabla ya kukata. Aliyetoka kwenye gari dogo huona kana kwamba anaingia mtaroni. Aidha, kwa kuwa amekaa nje ya magurudumu, kila gari linapoinama na kuinuka yeye hupanda na kushuka kuliko abiria aliyelala katikati. Magari hayo hufidia kwa kukata kona kwa urahisi, maana baadhi yake magurudumu ya mbele hugeuka zaidi ya digrii 50.

Upepo

Ubavu wa gari-nyumba ni tanga. Chukua gari lenye ubavu wa mita 11 kwa mita 3, yaani mita 33 za mraba. Upepo wa kilomita 60 kwa saa ukilipiga ubavuni, nguvu yake ni kama kilo 560 zinazolisukuma kando. Upepo ukiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nne na kuzidi tani 2. Katika nyanda tambarare za majimbo kama Wyoming na Kansas, ambako hakuna mti wala kilima cha kukinga, polisi na mamlaka za barabara hufunga njia kwa magari marefu siku za upepo mkali.

Lori kubwa linapolipita gari-nyumba hutokea jambo la aina hiyo kwa muda mfupi. Hewa inayosukumwa na kichwa cha lori hulisukuma gari-nyumba nje, kisha lori likiwa sambamba hewa hulivuta ndani. Dereva mgeni hupindua usukani dhidi ya msukumo wa kwanza, na mvuto wa pili unapokuja humkuta tayari amekwisha kuelekea upande wa lori. Wazoefu humshauri asogee kidogo pembeni mwa njia yake mapema, aushike usukani imara bila kuupindua, na amwache lori apite.

Ni hapa ambapo muundo wa ndani wa chasisi huonekana. Ekseli ya nyuma ya gari la springi za majani huweza kusogea kando kidogo kwa sababu springi na mipira yake hupinda. Kusogea huko kwa milimita chache hugeuka usukani wa pili ambao dereva hakuuomba. Fito moja imara inayofunga ekseli kwenye fremu huondoa tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, na wenye magari ya Ford wamekuwa wakilipa mafundi kuiweka, pamoja na fito nene za kuzuia mlalo. Mtu anaweza kuuliza kwa nini mnunuzi wa gari la makumi ya maelfu ya dola atafute fundi wa kulikamilisha. Ni swali la haki.

Kona na kimo

Gari refu kwenda juu hupinduka kwa urahisi kuliko lililo fupi, na jambo hilo halihitaji mtaalamu. Kinachosahaulika ni jinsi kasi inavyozidisha hatari. Katika kona ambayo nusu kipenyo chake ni mita 150, gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa husukumwa nje kwa nguvu inayolingana na asilimia 19 ya uzani wake. Likienda kilomita 80 kwa saa, nguvu hiyo hufika asilimia 34. Kasi imeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini msukumo umekaribia kuongezeka maradufu. Lori lililopakiwa hadi juu huweza kupinduka msukumo ukifika kiasi cha asilimia 35 hadi 40. Gari-nyumba, ambalo vyombo vyake vingi vizito huwekwa chini ya sakafu, kwa kawaida huwa na nafasi kubwa kuliko lori hilo, lakini viyoyozi viwili au vitatu juu ya paa havisaidii.

Mabasi ya humu nchini yaliyojengwa juu ya chasisi za malori yana udhaifu uo huo. Sakafu hupanda juu ya fremu ndefu ya lori, abiria huketi juu ya sakafu, na mizigo hupangwa juu ya paa. Kitovu cha uzani hupaa. Kiwango cha KS 372 cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) kuhusu uundaji wa mabodi ya magari ya abiria kiliwekwa kwa ajili ya uimara na usalama wa mabodi hayo, lakini bodi imara haishushi sakafu.

Gari lililokwenda kinyume

Liliwahi kuwapo gari-nyumba lililobuniwa kuanzia magurudumu hadi paa na kampuni moja. General Motors ililiuza kuanzia mwaka wa 1973 hadi 1978 kwa jina la GMC, nayo iliunda zaidi ya 12,000. Lilikuwa dogo kwa vipimo vya leo, futi 23 au 26. Injini yake na mfumo wa kuvuta kwa magurudumu ya mbele vilitoka katika gari dogo la Oldsmobile Toronado. Kwa kuwa hapakuwa na shafti ya kwenda nyuma, sakafu iliweza kushushwa karibu na lami. Nyuma kulikuwa na magurudumu manne, mawili kila upande, moja likifuata jingine, na mfuko wa hewa kati yake. Gurudumu moja likipanda tuta, mfuko uligawanya mshtuko na mwenzake.

Matokeo yake ni gari lililokata kona kama motokaa kubwa. Yapo mengi ambayo bado yanatembea, yakitunzwa na watu ambao hawakuzaliwa yalipokuwa yakiundwa. Lakini lilikuwa ghali, petroli ilipanda bei baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973, na General Motors ikaliacha. Hakuna kampuni kubwa ya Marekani iliyorudia kazi hiyo kwa kiwango hicho. Ilikuwa rahisi kuendelea kupandisha nyumba juu ya lori.

Magurudumu na breki

Magurudumu ya inchi 22.5 ya magari haya ni jamii moja na yale ya mabasi na malori ya barabara ya Nairobi hadi Mombasa. Tofauti ni kwamba lori humaliza kashata za gurudumu kabla halijazeeka, ilhali gari-nyumba huegeshwa miezi mingi, gurudumu likawa na kashata nzuri na mpira uliokufa. Umri wake husomwa ubavuni: tarakimu nne za mwisho, mbili za wiki na mbili za mwaka. Gurudumu lenye 2319 liliundwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Wengi hushauri lianze kutiliwa shaka baada ya miaka mitano hadi saba.

Upepo wa gurudumu nao haupaswi kukisiwa. Gari hupimwa kila kona peke yake, likiwa na maji, mafuta, vyombo na watu, kisha jedwali la kampuni ya magurudumu husema kiasi cha upepo. Upepo ukizidi, gari hurukaruka na usukani huwa mwepesi mno. Ukipungua, mpira hupinda, hupata joto na kupasuka. Gurudumu la mbele likipasuka, dereva hushauriwa asikanyage breki ghafla, bali aushike usukani na aendelee kukanyaga mafuta kwa muda mfupi hadi gari linyooke, kisha aliache lipungue lenyewe.

Kuhusu breki, yatosha kusema kwamba magari ya petroli hutumia breki za mafuta na ya dizeli hutumia za upepo pamoja na breki ya injini. Katika mteremko mrefu gari la tani 15 hushushwa kwa gia. Yeyote aliyepita Salgaa na Sachangwan anajua kinachotokea malori yanapoachiliwa yateremke bila gia.

Leseni

Pamoja na yote hayo, katika sehemu kubwa ya Marekani mtu mwenye leseni ya gari dogo anaweza kununua gari-nyumba la tani 12 asubuhi na kuondoka nalo mchana. Sheria za shirikisho kuhusu leseni za malori huwaachia majimbo wayatoe magari ya burudani. Yapo majimbo yenye masharti: California, kwa mfano, hudai leseni ya juu kwa gari linalozidi futi 40. Katika Muungano wa Ulaya leseni ya kawaida kwa muda mrefu imekomea tani 3.5, na nchini Uingereza waliofuzu kabla ya Januari 1, 1997 waliruhusiwa hadi tani 7.5. Hii ni sababu mojawapo ya magari-nyumba ya Ulaya kuwa madogo na mepesi.

Wanunuzi wengi wa magari makubwa ni wastaafu. Kwa watu hao jaribio la dakika kumi kuzunguka mtaa wa muuzaji halitoshi. Wazoefu hushauri gari lijazwe maji na mafuta, lipelekwe barabara kuu siku yenye upepo, liachwe lipitwe na malori mawili au matatu, na mkono mmoja ulegezwe kidogo kwenye usukani ili ijulikane kama linashika njia yake. Mke na mume waendeshe kwa zamu. Kisha walipeleke kwenye mizani za malori na kupima kila ekseli. Muuzaji anayekataa tangi lisijazwe, au anayedai mizani ni ya wenye malori tu, huwa amekwisha kutoa jibu.